Kompyuta Mpya Isiyojua Kuandika

Mwaka wa kwanza wakishapokelewa chuoni, duka langu la steshenari hapa Mabibo, Dar es Salaam, hujaa laptopu ambazo bado zina nailoni kwenye kioo. Wenyewe hawaji kununua kalamu. Mwalimu ametoa kazi ya kwanza: herufi za Times New Roman, ukubwa 12, nafasi ya mstari moja na nusu, ikusanywe Ijumaa. Na kompyuta ambayo mzazi ameuza mazao ili kuinunua imegoma kuandika. Kuwaka inawaka. Muziki inapiga, filamu inaonyesha, na ukiisogezea uso inakutambua. Ila ukifungua programu ya kuandikia, unakuta utepe juu ya ukurasa unaosema muda wa majaribio umekwisha. Kusoma ruksa, kuongeza hata nukta, hapana.

"Shikamoo mama. Samahani, naomba uniangalizie, sijui imeingia virusi?"

"Marahaba mwanangu. Haijaingia kitu. Ndivyo ilivyouzwa."

Hapo hunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeiuza.

Nimesomea uhazili Tabora, wakati ule tunapiga chapa huku mikono imefunikwa kitambaa tusichungulie herufi. Taipureta ilikuwa nzito, ina kelele, na ukikosea unakosea pamoja na nakala mbili za kaboni zilizo chini yake. Lakini ilipotoka kwenye boksi ilikuwa tayari kuandika, na ingeandika mpaka mwenye nayo astaafu. Hicho ndicho kipimo changu, na sioni kwa nini nikishushe eti kwa sababu mashine ya leo inatumia umeme. Nasema waziwazi: anayetengeneza kompyuta na kumuuzia mtu wa kawaida aweke ndani yake programu ya kuandikia. Iwe ndogo, sawa. Lakini iwe kamili, isiwe na tarehe ya kufa, na ifanye kazi hata bando likikata. Kinyume cha hapo ni kuuza cherehani bila sindano, kisha sindano ukawa unaikodisha kwa mwezi.

Mafundi vijana wa duka la jirani hunicheka. "Mama, mashine ni kitu kimoja na programu ni kitu kingine." Ni kweli, leo. Lakini utengano huo una tarehe yake. Hadi miaka ya 1960, ofisi iliyokodi au kununua mashine ya IBM ilipata programu na msaada wa wataalamu ndani ya bei hiyohiyo. Januari 1969 serikali ya Marekani iliishitaki IBM kwa kuhodhi soko, na Juni mwaka huohuo kampuni ikatangaza kwamba sehemu kubwa ya programu na huduma zake zitatozwa peke yake. Tangu hapo watu wakaanza kuishi kwa kuuza programu tu, bila kutengeneza hata skrubu moja. Sibezi jambo hilo. Bila hilo pengine hizi programu nzuri tunazogombania zisingekuwapo.

Kompyuta zilipopungua ukubwa na kufika kwa mtu mmoja mmoja, swali likarudi upya: huyu asiye na idara ya wataalamu ataanzaje? Mwaka 1981 Adam Osborne, mwandishi wa vitabu vya kompyuta aliyegeuka mtengenezaji, alitoa Osborne 1. Ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi na kioo cha inchi tano, kidogo kuliko simu unayosomea habari leo, na bado iliitwa ya kubebeka. Bei yake ilikuwa dola 1,795. Kilichowashangaza watu ni vilivyokuwa ndani: WordStar ya kuandikia, SuperCalc ya mahesabu, na lugha mbili za BASIC. WordStar peke yake iliuzwa madukani dola 495. Kampuni ya Osborne ilifilisika mwaka 1983 kwa sababu nyingine, lakini Osborne alikuwa ameonyesha kwamba mnunuzi anataka kazi yake iishe. Orodha ya vyuma vilivyomo ndani haimsumbui.

Mashine ninayoipenda zaidi katika historia hii ni ya Kiingereza, nami nimeitumia. Amstrad PCW 8256 ilitoka Uingereza mwaka 1985. Mwenye kampuni, Alan Sugar, alitaka kuitoa taipureta mezani, basi akapanga bei ya mtu wa taipureta: pauni 399 kabla ya kodi. Kwa fedha hiyo ulipata kioo, kibodi, printa, na programu ya kuandikia iitwayo LocoScript. Wakati inaundwa, wahandisi waliiita Joyce, jina la katibu muhtasi wa Sugar mwenyewe. Sisi wahazili hatukupewa heshima nyingi katika historia ya kompyuta, kwa hiyo hii moja naishikilia kwa mikono miwili.

Niliikuta kwenye ofisi ya mradi mmoja wa wafadhili. Unachomeka diski, unasubiri kidogo, kioo cheusi kinajaa herufi za kijani, safu 90 kwa mistari 32, na uko ndani ya barua. Hukuulizwa jina, wala barua pepe, wala kama umekubali masharti. Kwenye boksi kulikuwa pia na mfumo wa CP/M kwa waliotaka kufanya mambo mengine. Kwetu haukuguswa. Mkuu wa mradi alikuwa amezoea kurudisha barua mara tatu kwa kubadili neno moja, nami kila mara nikipiga upya ukurasa mzima. Alipoona nabadilisha neno na kutoa nakala safi kabla hajamaliza chai, aliacha kabisa kuomba radhi kwa masahihisho yake. Akaanza kuyaongeza.

Hata hivyo Amstrad hiyo ilikuwa na kasoro ambayo kila anayetetea hoja yangu lazima aitazame usoni. Diski zake zilikuwa za inchi tatu, wakati dunia ilikuwa inaelekea kwenye za inchi tatu na nusu. Printa iliendeshwa na mashine yenyewe, hivyo huwezi kuichomeka kwenye kompyuta nyingine. Na maandishi ya LocoScript hayakusomeka kwingine mpaka yageuzwe kwa njia maalumu. Uingereza walikuwapo watu waliojipatia riziki kwa kazi hiyo tu ya kuhamisha maandishi ya wenzao. Kwa hiyo kuweka programu ndani ya mashine hakutoshi. Kilichoandikwa kiweze kutoka. Leo nayaona yaleyale kwa Apple, ambayo kwa upande mwingine inastahili sifa: tangu mwaka 2013 anayenunua Mac mpya hupata programu ya Pages bila malipo, kamili, isiyokwisha muda. Lakini faili la Pages halifunguki kwenye Word. Mwenyewe asipokumbuka kulitoa kwa umbo la docx au PDF, akifika kwangu na fleshi yake ninachoweza kumpa ni pole tu.

Apple hiyohiyo ndiyo inayonisaidia kujibu hoja nzito zaidi dhidi yangu, ile isemayo kwamba cha bure kinamuua anayeuza. Macintosh ya kwanza, Januari 1984, iliuzwa dola 2,495 ikiwa na MacWrite ya kuandikia na MacPaint ya kuchorea. Kampuni za programu zililalamika: nani atanunua yetu ikiwa ya Apple inakuja bure? Malalamiko yalisikika, na mwaka 1987 Apple iliunda kampuni tanzu, Claris, ili programu hizo ziuzwe kama bidhaa nyingine yoyote. Sasa tazama kilichotokea kwenye soko lenyewe. MacWrite ya mwanzo ilielemewa na waraka uliozidi kurasa kama nane, maana ilibeba maandishi yote kwenye kumbukumbu finyu ya mashine. Mwandishi wa barua alitosheka nayo. Mwandishi wa kitabu alitafuta kingine. Microsoft Word ya Macintosh, ya kununua kwa fedha, iliingia mwaka 1985 ikaja kutawala kompyuta hizo. Cha bure kilikuwepo na cha kulipia kikashinda, kwa sababu kilifanya zaidi. Programu ya msingi ikiwa kweli ni ya msingi, huwafundisha watu kuandika kwa kompyuta, na baadhi yao siku moja watahitaji kubwa zaidi.

Tatizo huanza pale mwenye kuweka anapokuwa na nguvu ya kuwazuia wengine wasiweke. Kisa cha IBM na Microsoft kinaeleza hilo kuliko hotuba yoyote, na nashangaa hakisimuliwi.

Mwaka 1995 IBM iliinunua Lotus, kampuni ya programu, na pamoja nayo ikapata kifurushi cha SmartSuite chenye programu ya kuandikia, ya mahesabu na nyinginezo. Ikaamua jambo la kawaida kabisa: kompyuta zake yenyewe zitoke kiwandani na SmartSuite. Wakati huohuo Microsoft ilikuwa inajiandaa kuzindua Windows 95, na hakuna mtengenezaji aliyethubutu kuingia sokoni bila hiyo. Jaji Thomas Penfield Jackson, katika maelezo ya ukweli wa kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Microsoft aliyoyatoa Novemba 1999, anaeleza kilichofuata. Mazungumzo ya leseni yalizorota. Likaibuliwa suala la ukaguzi wa malipo ya IBM ya zamani. Microsoft ikaonyesha kwamba suala hilo lingeweza kumalizwa endapo IBM ingekubali kutoweka SmartSuite kwenye mashine zake kwa kati ya miezi sita na mwaka. IBM ikakataa. Leseni ya Windows 95 ilikuja kusainiwa tarehe 24 Agosti 1995, dakika 15 kabla ya sherehe ya uzinduzi kuanza. Wapinzani wa IBM walikuwa wamekwisha kuandaa mashine zao kwa msimu wa wanafunzi kurudi shule. IBM ndiyo kwanza inapata ruhusa.

Amri ya jaji huyo ya kuigawa Microsoft vipande viwili ilitenguliwa na mahakama ya rufaa mwaka 2001, lakini maelezo yale ya ukweli yalibaki. Mwaka 2005 Microsoft ilikubali kuilipa IBM dola milioni 775, na nyongeza ya milioni 75 kwa njia ya punguzo la bidhaa, wakamaliza ugomvi. SmartSuite ilikwisha kufifia zamani.

Kwa hiyo fundi akiniambia watengenezaji wako huru kuchagua wanachoweka, namwambia akasome kesi. Aliyeunda mashine hakuwa huru hata kuweka programu yake mwenyewe.

Nirudi kwenye meza yangu. Miaka ya karibuni mambo yameelekea upande mmoja. Tangu Windows ya kwanza ya mwaka 1985 kulikuwa na kijiprogramu cha kuandikia humo ndani: kwanza Write, kisha kuanzia Windows 95 WordPad. Ilikuwa nyepesi, inakoza herufi, inapanga aya, na kuanzia Windows 7 ilifungua hata docx. Barua ya kuomba kazi ilitoka vizuri kabisa. Mwaka 2010 Microsoft ilijaribu jambo zuri kidogo, Office Starter, iliyopatikana tu ndani ya kompyuta mpya: Word na Excel zilizopunguzwa, hazina maoni ya pembeni wala kufuatilia masahihisho, na kwenye kona kuna tangazo. Tangazo lile halikunikera hata kidogo. Daladala nazo zina matangazo na zinafika. Mwaka 2012 Office Starter ilianza kuondolewa. Kisha katika toleo la Windows 11 la mwaka 2024 WordPad nayo ikatolewa. Imebaki Notepad, ambayo mimi huitumia kuandika madeni ya wateja.

Badala yake tumepewa majaribio ya mwezi, na baada ya hapo kodi ya kila mwaka. Marekani, kifurushi cha mtu mmoja cha Microsoft 365 kilipanda mwanzoni mwa mwaka 2025 kutoka dola 69.99 hadi 99.99 kwa mwaka. Ni kweli kuna Word ya bure mtandaoni, kuna Google Docs, na vyuo vyenye mkataba huwapa wanafunzi wao akaunti. Anayeijua njia hiyo na mwenye intaneti ya kudumu hana haja ya kusikiliza makelele yangu. Mimi namsemea yule ambaye bando lake la wiki liliisha Jumanne, na umeme ukikatika mnara wa mtaani kwake nao unazimika.

Kuna watakaouliza: si kuna programu za bure, kila mtu ajipakulie? Kwa swali hilo nina jibu la nyumbani. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, si mbali na hapa nilipo, kilitoa Jambo OpenOffice kupitia mradi wa Kilinux walioufanya na wataalamu wa Sweden. OpenOffice ilikuwa programu huria, ya bure kisheria, yenye uwezo wa kuandika, kupiga mahesabu na kuandaa mawasilisho, na hawa wenzetu walikuwa wameitia Kiswahili menyu kwa menyu. Bure, halali, kwa lugha ambayo hata mlinzi wa usiku angeielewa. Ungetegemea nchi nzima iikimbilie. Katika miaka yote ya duka hili sijaletewa hata kompyuta moja iliyotoka dukani ikiwa nayo. Waliohitaji hawakujua ipo. Waliojua walikuwa tayari wanamudu Kiingereza cha Word. Mtu hutumia alichokikuta ndani ya mashine, na kile ambacho rafiki yake alikikuta ndani ya mashine yake. Ndiyo maana nasisitiza kiwandani.

Pengo linaloachwa na kiwanda kwa sasa limekaliwa na fundi. Kupiga Windows bei hii, kuweka Office bei hii, ukifanya vyote unapunguziwa. Office ya fundi mara nyingi ni ya wizi, imefunguliwa kwa kijiprogramu kinachoidanganya kwamba imeshalipiwa, na hatua ya kwanza ya kukiweka ni kuzima ulinzi wa virusi. Fikiria hapo. Mwaka 2021 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Red Canary ilieleza jinsi matoleo bandia ya KMSPico, mojawapo ya vijiprogramu hivyo maarufu, yalivyobeba CryptBot, inayoiba nywila na pochi za sarafu za kidijitali. Mwanafunzi anataka kuandika kurasa tano kuhusu Azimio la Arusha, anafungua mlango kwa mtu asiyemjua. Simlaumu fundi peke yake. Ana watoto, na mteja amekuja mwenyewe anaomba.

Mimi kwenye duka nina fleshi yenye LibreOffice, mrithi wa OpenOffice tangu mwaka 2010. Ni zaidi ya megabaiti 300, mzigo kwa bando la mwanafunzi lakini si kitu kwa fleshi, na leseni yake inaruhusu kugawa nakala. Naiweka, naielekeza ihifadhi kila kitu kwa docx ili mwalimu asilalamike, basi. Times New Roman ikikosekana, humo kuna Liberation Serif, ambayo herufi zake zina upana uleule kwa makusudi, kwa hiyo mistari na kurasa hazihami waraka ukifunguliwa kwingine. Jedwali tata linaweza kuvurugika, na mwenye tasnifu yenye michoro mingi namwambia mapema. Kwa kazi ya kurasa kumi sijaona neno.

Kama jambo hilo linawezekana kwenye kaunta ya mbao Mabibo, linawezekana kwenye kiwanda kinachonakili mfumo mzima ndani ya maelfu ya mashine. Kinachozuia si ufundi. Faida ya laptopu za bei ya chini ni nyembamba, na mwenye programu ya majaribio humlipa mtengenezaji ili awekwe ndani, kwa matumaini kwamba mnunuzi atazoea na kulipia. Programu kamili ya bure haimlipi mtu. Dell, tangu mwaka 2007, imeuza baadhi ya kompyuta zenye Ubuntu ambamo OpenOffice ilikuwa imo tayari, kwa hiyo hata makampuni makubwa yanajua njia. Wameiacha pembeni kwa wachache wanaoijua.

Mpaka watakapobadilika, nawapa wazazi ninachowapa wateja wangu. Ukienda Kariakoo kununua laptopu, usiridhike na kuoneshwa kioo kikiwaka. Mwambie muuzaji azime intaneti, afungue programu ya kuandikia, aandike jina la mwanao, ahifadhi kwenye fleshi yako, kisha alifungue faili hilo kwenye kompyuta nyingine hapohapo dukani. Muulize ile programu itaisha lini. Akisema "hiyo utaweka baadaye", muulize baadaye hiyo ni shilingi ngapi, na aiandike kwenye risiti.